Mtungi Usio na Karatasi

SURA YA SABA

Jumatatu saa tatu asubuhi Inspekta Muthoki aliagiza mshukiwa atolewe seli na kuletwa uani, nyuma ya kituo cha polisi cha Kitui. Mitungi miwili ya wazamiaji ilikuwa imelazwa hapo juu ya gunia, kila mmoja na mkanda wa rangi ya kijani na manjano shingoni.

Mshukiwa aliitwa Mutie, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mpole wa sauti. Kazi yake ilikuwa kujaza mitungi katika duka moja la wazamiaji huko pwani. Alikuwa amelala siku mbili kwenye saruji ya seli kwa sababu ya namba moja tu: thelathini na sita.

Mambo yalikuwa hivi. Mvua ya El Niño ilipokwisha mwaka ule wa tisini na nane, bwawa la Ngulini, upande wa Kanyangi, lilijaa mpaka ukingoni kwa mara ya kwanza tangu lijengwe. Hata hivyo mfereji wa wakulima walio chini ya ukuta ulibaki mkavu. Lango la maji halikufunguka. Kamati ya maji ikamwita Nzioka, mwenyeji wa huko aliyekuwa mzamiaji wa kulipwa pwani, aje aangalie limekwama wapi. Alikuja na mitungi yake miwili. Jumanne ya juma lililopita alizama mara moja, akatoka salama. Jumatano asubuhi alizama tena, na baada ya dakika ishirini watu waliokuwa ukingoni wakaona mapovu yamekatika. Walimvuta kwa kamba yake. Alikuwa amekufa.

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alisoma karatasi ya gundi iliyokuwa kwenye mtungi mmoja, akaona imeandikwa oksijeni thelathini na sita kwa mia. Hewa ya Mungu, alimwambia Muthoki, ina ishirini na moja. Aliyeongeza ndiye aliyeua. Akataka Mutie afikishwe mahakamani Jumatano hii.

Muthoki hakubisha. Lakini katika miaka kumi na minne ya kazi alikuwa amejifunza kuogopa kesi inayokwisha kabla haijaanza.

"Nieleze hii namba," alimwambia Mutie.

Mutie alieleza akiwa na pingu mikononi. Mchanganyiko huo unaitwa nitroksi. Oksijeni inaongezwa ili mzamiaji akae chini muda mrefu bila kuchoka sana. Ni kweli huweza kuua, lakini mpaka uteremke kina kikubwa, na kwa thelathini na sita mpaka ni mita ishirini na nane. Ndiyo maana hakuna anayepewa mtungi kama soda. Mwenye mtungi huupima mwenyewe kwa kipimo chake, akaandika kwenye karatasi asilimia, kina asichopaswa kupita, tarehe na jina lake, kisha akatia sahihi daftarini.

"Nzioka alikuwa akisafiri na mitungi yake mahali pengi," Mutie alisema. "Alijaziwa maduka mengi. Hakuna hata moja aliloliamini. Hata mimi hakuniamini, na tumejuana miaka minane. Alipima mara mbili."

Bwawa la Ngulini, penye maji mengi kabisa, lilikuwa na mita kumi na mbili. Muthoki aliiandika namba hiyo na kuipigia mstari.

Kisha akatoa kipimo cha marehemu, kisanduku kidogo chenye namba za kioo kilichokuwa kati ya vitu vyake. Alimwonya Mutie kwamba akikiharibu atajibu kesi mbili. Akakishika yeye mwenyewe, akimfanya Mutie aelekeze kwa mdomo tu. Kwanza walipima upepo wa uani: ishirini na moja. Wakapima mtungi wenye karatasi, ambao ulikuwa bado umejaa: thelathini na sita. Halafu wakaufungua kidogo mtungi aliokuwa nao marehemu mgongoni siku aliyokufa.

Namba zilipanda, zikasimama. Ishirini na moja.

Mutie alikiinamia kile kisanduku. "Huu si ule niliojaza," alisema. "Chupa ni ile ile, lakini hewa si yangu. Mtu amejaza tena."

"Wewe ungesema nini kingine?" aliuliza Sajini Ahmednur, msaidizi wa Muthoki, mtu wa Garissa asiyependa maneno mengi.

Mutie aliomba kitambaa cheupe. Muthoki akatoa leso yake. Walipoishikilia mbele ya tundu la mtungi na kuachia hewa kwa dakika nzima, pakabaki doa la kijivu, jembamba, lenye utelezi wa mafuta. Mutie alieleza kwamba kompresa, mashine ya kushindilia hewa mtungini, ikiendeshwa kwa petroli huvuta hewa kwa mpira mrefu, na mpira huo sharti utolewe mbali na moshi wa injini yake yenyewe. La sivyo unabana moshi ndani ya mtungi. Sumu ya moshi ule haina rangi wala harufu, na kipimo cha Nzioka kilijua oksijeni peke yake.

Muthoki alikumbuka taarifa ya daktari. Marehemu alikuwa na maji mapafuni, lakini daktari alikuwa ameongeza kwamba ngozi na kucha zilikuwa nyekundu isivyo kawaida kwa maiti, kama za mtu aliyeuawa na moshi. Alijaza fomu ya kupeleka hewa kwa Mkemia wa Serikali, Nairobi, akijua jibu lingechukua majuma.

Kabla hajaondoka aliinama, akaupapasa tena mtungi wa kifo. Pale ambapo mwenzake ulikuwa na karatasi, huu ulikuwa na alama ya gundi iliyonasa vumbi. Mtu asiyemwamini rafiki yake wa miaka minane asingezama na mtungi usioandikwa. Karatasi ilikuwepo, na mtu alikuwa ameibandua.

Mkuu aliposikia, hakumwachilia Mutie. Alibadilisha tu upande wa kutazama. Mitungi hiyo ililala wapi njiani? Ililala Emali, ghalani kwa msafirishaji mmoja aitwaye Yarow. Basi mkamateni Yarow, alisema, kama vile alikuwa amelisubiri jina la namna hiyo tangu mwanzo.

Muthoki na Ahmednur waliondoka alasiri hiyo, wakalala mjini Wote, wakafika Emali Jumanne mapema, malori ya ng'ombe wa Loitokitok yakiwa bado yamepangana kando ya reli. Yarow alikuwa mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina. Alimsalimu Ahmednur kwa Kisomali, na Ahmednur akaanza kujibu. Muthoki akamtazama sajini wake. Ahmednur akakatisha salamu katikati, akaendelea kwa Kiswahili, na tangu hapo akawa anauliza maswali makali kuliko inavyohitajika.

Yarow alikubali kila kitu. Ndiyo, basi lilikataa kubeba mitungi, na lori lake likaibeba. Ndiyo, ililala ghalani mwake Jumapili usiku. Ndiyo, ana mashine ya upepo, hiyo pale, ya kujazia magurudumu. Muthoki aliikagua. Ilikuwa ya umeme, na mshale wa saa yake ya kupimia nguvu ya upepo uliishia kumi. Mutie alikuwa amemwambia kwamba mtungi wa mzamiaji hubeba mia mbili kwa kipimo hicho, na ule wa kifo ulikuwa bado na tisini ndani. Mashine ile ingeendeshwa mwaka mzima isingefika hapo.

"Alipokuja kuchukua mitungi yake, alikuwaje?" Muthoki aliuliza.

Yarow alicheka kidogo kwa huzuni. Alisema alimkaribisha mgeni chai ya maziwa ya ngamia, na mgeni akakataa kuigusa kabla hajapima mitungi yake. Alifungua mmoja, akatazama kisanduku, akafungua wa pili, akatazama.

"Nikamwambia, ndugu yangu, kwani nimekunywa hewa yako? Akasema, mzee, usikasirike, mimi mwenyewe napima hata nikilala nayo kitanda kimoja. Halafu akaninywea vikombe vitatu."

"Na karatasi?"

"Zote mbili zilikuwepo. Nilizisoma. Thelathini na sita, thelathini na sita."

Walivuka daraja la mto Athi wakielekea Ngulini. Hapo Ahmednur akasema kwamba kama mzee yule angekuwa amedanganya, angemtia pingu yeye mwenyewe. Muthoki alisema anajua.

Sasa duara lilikuwa limebana. Mpaka Emali mitungi ilikuwa salama. Mtungi uliokwisha hewa Jumanne ulijazwa tena kabla ya Jumatano asubuhi, na ulijazwa bwawani au karibu na bwawa. Mutie alikuwa amesema kompresa ya kujaza mitungi kama ile haiuzwi madukani. Huwa nayo wazamiaji, wazima moto, au kampuni ya ujenzi iliyowahi kufanya kazi chini ya maji.

Ngulini kulikuwa na stoo ya mabati iliyoachwa na mkandarasi aliyejenga ukuta, na mlinzi wake, Ndululu, mtu mrefu aliyekonda, ambaye macho yake hayakutulia mahali pamoja. Alifungua kufuli haraka mno. Alionyesha majembe, mapipa, misumari. Kompresa? Hajawahi kuona. Muthoki alitembea taratibu ndani ya stoo. Sakafu yote ilikuwa na vumbi isipokuwa mstatili mmoja katikati, safi, wenye matone ya mafuta pembeni. Hakuuliza juu yake. Alimshukuru Ndululu, akatoka nje, akavuka kwenda kibandani kwa mama aliyekuwa akiuza chai na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

Mama Ndinda alikuwa shemasi wa kanisa la pale juu, na hakuwa mtu wa kubembelezwa ili aseme. Alisema alishangaa polisi wamechukua karibu juma zima kumfikia.

"Mwaitu, mama yangu, Jumanne iliyopita mchana ulisikia mashine yoyote?" Muthoki alimuuliza.

"Nilisikia, na moshi wake niliula. Mwiitu wakwa, binti yangu, nauza chai hapa tangu ukuta ukijengwa. Mashine ile ilikuwa inawashwa hapo nje, na mpira wake unafungwa juu ya mti mrefu, upande upepo unapotoka. Jumanne waliwashia ndani, mlango umefungwa. Moshi ulikuwa unatoka kwenye mabati kama nyumba inaungua. Nilimwambia Ndululu, utakufa humo. Akasema ndivyo alivyoagizwa."

"Na Nzioka?"

Nzioka hakuwepo. Alipotoka majini Jumanne alikunywa chai bila kuongea, kisha akamuuliza kama ni kweli alikuwepo wakati ukuta unajengwa, na kama aliwahi kuona lori likileta mabomba makubwa ya chuma. Mama Ndinda alijibu kwamba hakumbuki. Nzioka akaenda Kanyangi kutafuta filamu ya kamera. Na Jumatano, mwili ulipokuwa umelala hapo kwenye nyasi na watu wanalia, pikapu pekee iliyokuwepo iliwashwa ikaondoka. Ilikuwa imefunikwa turubai. Maiti ilingoja gari la kanisa mpaka saa nane.

"Pikapu ya nani?"

"Ya Injinia Musembi. Yeye ndiye alijenga."

Ndululu alipoitwa mara ya pili hakungoja kuulizwa. Alikaa juu ya pipa, akasema yote huku akitazama mikono yake. Injinia alimwagiza amjazie mgeni mtungi mtupu, akasema awashie ndani na afunge mlango, ati vumbi la nje litaharibu mashine. Baada ya kifo akamwagiza abandue karatasi ya mtungi. Nzioka alikuwa ameandika hapo ishirini na moja, na Jumanne, na neno stoo.

"Sikujua," Ndululu alisema. "Mimi ni mtu wa kulinda. Injinia anajua, mimi najua?"

Hilo ndilo lililomsumbua Muthoki njia nzima ya kwenda Kilungu, nyumbani kwa Musembi. Neno la mlinzi dhidi ya neno la mhandisi. Musembi angesema hakuagiza lolote, au angesema aliagiza bila kujua, na mbele ya hakimu ajali na mauaji vingevaa shati moja. Ilibidi ajue kama mtu huyu alijua.

Nyumba ya Musembi ilikuwa ubavuni mwa mlima, juu ya mashamba ya ngazi yaliyojaa michungwa na miparachichi. Aliwapokea vizuri, akawaombea juu ya chai, akasikitika kwa sauti ya chini juu ya msiba. Alipoulizwa juu ya kompresa hakukana. Ilikuwa ndani ya chumba cha kuwekea matunda, alisema. Aliileta ili isiibwe.

"Nani huiendesha?" Muthoki aliuliza.

"Ndululu na wenzake wa zamani. Mimi ni mtu wa saruji, Inspekta. Ile mashine sijui hata inavutwa kamba wapi. Kama aliifanyia vibaya, ni ujinga wake, Mungu amsamehe."

Muthoki aliandika maneno hayo neno kwa neno, akamsomea, Musembi akatia sahihi. Kisha akaomba waione mashine, kwa kuwa kielelezo lazima kionyeshwe kama kinafanya kazi. Musembi akawatangulia.

Chumba kilikuwa kidogo, cha matofali, chenye mlango mmoja na dirisha la mbao. Mashine ilikuwa katikati ya makreti, mpira wake mrefu umeviringwa juu yake. Mlango ulikuwa wazi nusu. Muthoki alisimama kando ya ukuta, akamwashiria sajini. Ahmednur akavuta kamba mara moja, mara mbili, mara ya tatu injini ikakohoa na kushika, moshi wa samawati ukaanza kupanda mbele ya nyuso zao.

Musembi alivumilia kidogo sana. Akausukuma mlango kwa mguu ukafunguka wote, akasukuma dirisha, akaushika mpira kwenye ncha yake na kuuviringua kwa mkono wa mtu aliyeufanya mara mia. Akatoka nao nje. Hapo akasimama, akainua uso kusikia upepo unatoka wapi, akazunguka nyumba na kuutundika kwenye tawi la mchungwa upande wa juu wa mlima.

Aliporudi mlangoni alimkuta Muthoki akiandika. Alimtazama yeye, akautazama mpira, akaelewa.

"Zima, Sajini," Muthoki alisema. Kimya kiliporudi aliendelea, "Mtu wa saruji, wapi umejifunza hayo?"

Musembi alisema angependa kumpigia simu wakili wake. Alipewa ruhusa. Baada ya hapo mdomo wake haukufunguka tena, si njiani, si kituoni, si mbele ya mkuu wa upelelezi, ambaye alisikiliza habari yote akiwa amesimama dirishani. Mkuu aliuliza jambo moja tu. Kwa nini mtu mwenye mali na jina amuue mzamiaji aliyekuja kuangalia lango lililokwama? Wakili angeuliza hivyo hivyo. Na filamu ya kamera ya Nzioka ilikuwa haijapigwa hata picha moja.

Mutie aliachiliwa Jumatano asubuhi, saa ambayo angekuwa kizimbani. Alirudishiwa mkanda na saa yake. Hakwenda stendi. Alisimama mbele ya meza ya Muthoki, akauliza kama mtungi ule mwingine, ule uliojaa, bado unahitajika mzima.

"Mkemia anachotaka ni ule mbaya," Muthoki alimjibu. "Unataka kuupeleka wapi?"

"Nilikuwa mzamiaji kabla sijawa mjazaji. Nzioka aliona kitu. Acha nikakione."

Muthoki alifikiri juu ya kanuni za vielelezo, akafikiri juu ya mkuu, kisha akachukua ufunguo wa stoo ya vielelezo.

Ngulini palikuwa na watu wengi kuliko siku ya kifo. Kamati ya maji ilikuja yote, na wakulima, na mama Ndinda akiwa amefunga kibanda chake. Ndululu aliletwa na askari mmoja, akiwa na pingu, ili aonyeshe mahali hasa marehemu alipoteremkia. Mutie alipima mtungi mbele ya macho ya wote, akabandika karatasi mpya juu ya ile ya Nzioka, akaandika jina lake. Akafunga kamba kiunoni, akampa Ahmednur ncha yake, akaingia.

Juu ya ukuta wa bwawa palikuwa na gurudumu la chuma, kubwa kama la lori, lililopakwa rangi nyekundu. Ndilo la kufungulia lango. Tangu mvua iishe, wanaume wa Ngulini walikuwa wakilizungusha kwa zamu, wanne wanne, wakiambiwa na Injinia kwamba ni matope tu, wavumilie. Muthoki alisimama kando yake kwa dakika thelathini na mbili, akitazama mapovu yakitambaa kufuata ukuta, kutoka upande mmoja wa bwawa mpaka wa pili, kisha yakirudi polepole.

Mutie alipotoka alikaa kwenye jiwe, akavua barakoa. Watu walisogea. Hakupaza sauti, kwa hiyo walionyamaza ndio waliosikia, na wengine wakaambiwa.

"Nimepapasa kote, mwamba kwa mwamba. Ni ukuta mtupu. Hakuna lango, hakuna bomba, hakuna hata tundu la kuliwekea. Chuma cha hilo gurudumu kinashuka mita mbili ndani ya maji, halafu kimekatwa."

Mwenyekiti wa kamati, ambayo ilimlipa Injinia kwa lango na mabomba, alimuomba aseme tena. Akasema tena. Nyuma ya watu, Ndululu alikaa chini kwenye matope na pingu zake. Kila Jumatatu kwa miaka mitatu yeye ndiye aliyekuwa akilipaka gurudumu lile grisi.